Ticha, P na Majirani Zake

Alizaliwa wapi, mama yake nani, alifika Kolwezi kwa treni au kwa miguu, mi sikumwuliza hata siku moja. Nilianza kumjua alipokuja kuomba unga. Hakuomba wa kupika. Aliomba wa kupulizia.

Wakati ule nilikuwa nauza mikate, ile ya mviringo ya kukaanga kwa mafuta, chini ya dirisha la sale, ukumbi wa kanisa, hapa mtaa wa Manika. Jioni, kama kwaya haiimbi, sale ilikuwa yake. Alifundisha Kiingereza kwa watu wakubwa: walinzi, madereva, wapishi, mafundi cherehani, na vijana waliochoka kuchimba kwa mikono, waliotaka kazi ya kuvaa kofia ngumu. Majina ya wote waliopita mle ndani ninayo kichwani, kuanzia Ilunga aliyekaa karibu na mlango mpaka Kabamba aliyelala kila somo akiwa amefungua macho. Jina la mwalimu mwenyewe ninalo pia, lakini hakuna aliyelitumia. Watoto walimwita Ticha, pasta alimwita Ticha, na mke wake, Mama Yvonne, akimwita aje kula ugali alisimama mlangoni na kusema, "Ticha, bukari inapoa."

Basi siku ile akatoa kichwa dirishani.

"Mama Fifi, niko naomba unga kiloko. Ya kuenea mu mukono."

"Ya kupika nini, Ticha?"

"Ya kufundisha."

Nikampa. Akaushika kwenye kiganja, akausogeza mbele ya mdomo wa Papa Kalenga, mlinzi, mtu wa mwili mkubwa sana, akamwambia aseme *pot*, maana yake sufuria. Papa Kalenga akasema. Unga wote ukaondoka mkononi, ukaenda kukaa kwenye uso wa Ticha. Akaomba mwingine. "Sasa sema *spot*." Papa Kalenga akasema, na unga haukutingishika. Ticha akageukia darasa, nyusi nyeupe, masharubu meupe, akawa kama babu wa malaika.

"Munaona? P ni ileile. Kintu kiligeuka ni jirani."

Nilikuwa sijui Kiingereza, sasa pia sijui. Shule yangu iliishia pale ambapo wengine walikuwa wanaanza kushika kalamu vizuri. Lakini jambo hilo nilielewa mara moja, kwa sababu nimeishi kwenye lupango, ua wa wapangaji wenye milango mingi.

Somo lake lote lilikuwa hilo. Walimu wengine wanaanza na maneno: hii mlango, hii dirisha. Yeye alianza na majirani. Alisema sauti ya Kiingereza ni mpangaji. Ukimweka chumba cha mbele, karibu na barabara, atafungua redio sana, atacheka sana, atarusha maji machafu nje bila kuangalia nani anapita. Ukimweka nyuma ya mtu mkali, atatembea kwa vidole. P, T na K ni ndugu watatu wasiojua kutulia. Wakifungua neno wanatoka na upepo wao. Lakini S akisimama mbele yao, upepo unaisha, wanapita wameinamisha kichwa.

"S njo mama mukwe," alisema. "Akiwa pale, ata mulume wa kelele anasema polepole."

Na kwa sababu watu wazima hawaamini kitu wasichokiona, aliwafanya wao wenyewe kuwa sauti. Kila mmoja alivaa kipande cha katoni shingoni chenye herufi ya chaki. Papa Kalenga alikuwa wale ndugu watatu wote, maana ndiye aliyeruka ukasikia mpaka barabarani. Mama Mujinga, fundi cherehani, mwembamba kama sindano yake mwenyewe, alikuwa S. Neno likianza na P, Papa Kalenga aliruka. Neno likianza na S halafu P, Mama Mujinga alimshika bega kutoka mbele, akafanya "sss" kama sufuria inayotaka kumwaga, na Papa Kalenga akatembea taratibu.

"Papa Kalenga, ruka."

"Ticha, magoti inauma."

"P haina na magoti. Ruka."

"Na T?"

"T iko na magoti ya P. Ruka."

Vokali waliwekewa viti. Kama aliyewafuata ni D, walikaa kitako, wakatulia, wakavuta sauti kidogo. Kama ni T, walikaa ukingoni tu, tako moja nje, tayari kusimama. Nilimwona kijana Ilunga, vokali, akikaa na kuinuka jioni nzima, bed, bet, bed, bet, mpaka kiti cha kanisa kikakatika mguu, na pasta akauliza Kiingereza hiki kinasemwa kwa mdomo au kwa matako.

Na L, je? L alikuwa na tabia mbili, na Ticha alizifuata zote kwa upendo kama mtu anayesimulia shangazi wawili. Akiwa mwanzo wa neno, L ni mwepesi, ni msichana anakwenda misa ya kwanza. Akiwa mwisho, au amebanwa kama kwenye *milk*, maziwa, anakuwa mzito, anajikunja nyuma ya mdomo kama baba aliyetoka kumaliza bukari. "Vuta ulimi nyuma," Ticha aliwaambia, "kama unataka kumeza lakini haupendi." Darasa zima likavuta. Mi huku nje nikavuta pia, na mteja wangu akaniuliza kama ninaumwa jino.

Hapo mtu atasema: kumbe alikuwa mjuzi. Labda. Yeye mwenyewe ndiye hakuwa na uhakika, na hilo ndilo lililokuwa linamla.

Aliniambia jioni moja, darasa limekwisha, amekaa juu ya katoni yangu anakula mkate. Wanafunzi aliwakataza kula ndani. Yeye alikula nje, halafu alirudi ndani kuwanusa midomo.

"Mama Fifi, iko kitu moja minaogopa."

"Nini?"

"Hii Kiingereza, mi nilijifunza kwa mwalimu, naye kwa mwalimu wake. Ingine nilisikia mu redio. Redio inasema, inasema, lakini haiyanijibu ata siku moja. Mi sijaongea na muntu alikomaa mu ile luga. Sasa kama haiko Kiingereza? Kama iko kintu yangu tu, nililea mu hii sale?"

"Lakini batu yako banapata kazi. Bachinois, bale Bachina ba ku kazi, banabasikia."

"Bachinois nabo balijifunza kwa Ticha wabo. Ticha na Ticha banasikilizana. Mi minaogopa mwenye luga."

Kweli, mtu afundishe mtaa mzima kuruka, halafu siku moja mwenye mlango aje na kusema hapa hakuna anayeruka. Atauweka wapi uso wake? Na wale wote waliopita kwake, aliowaambia waende waongee bila woga?

Tangu siku hiyo nilimwangalia kwa jicho lingine. Niliona alikuwa na koti moja la kijivu, alilivaa hata mwezi ule wa joto kabla ya mvua, lakini alikuwa halifungi. Vifungo alivifunga siku ya mtihani tu. Niliona hakupenda kelele. Yeye aliyefanya sale nzima ipulize na kufanya "sss", nyumbani alikunywa chai bila kuipuliza, aliisubiri ipoe, kwa heshima. Niliona akipita njiani midomo inatembea peke yake. Watu walidhani anasali. Mama Yvonne aliniambia, "Huyu hasali. Anasema kijiko, kijiko, kijiko, kwa Kiingereza."

Na alikuwa na furaha za ajabu. Jumapili moja, asubuhi, ninasuka nywele za mjukuu wangu Plamedi, akagonga lango kwa nguvu. Nikafikiri kuna msiba.

"Mama Fifi, sema ulimi."

"Ulimi."

"Sema mingi."

"Ndimi."

"L alienda wapi?"

Nikamwangalia. Plamedi akamwangalia.

"L alikaa karibu na N, akageuka D," akasema, na machozi yalikuwa karibu. "Ata siye tunafanya. Kibemba banafanya, indimi. Kiluba banafanya. Bangereza banasema kilo kumi, *ten kilos*, N yabo inaona K ya mbele inakuwa ng'. Batu yote ya dunia, Mama Fifi, midomo inasikia jirani."

"Ticha, ulikunywa chai?"

Alikuwa hajanywa. Alitoka kitandani, akaja. Nikampa chai, akaisubiri ipoe.

Wanafunzi wake walimpenda, na walimfuata kupita kiasi. Hapo niwape habari ya Papa Kalenga. Alikwenda kuomba kazi ya ulinzi kwenye kampuni moja, huko nje ya mji. Mkubwa aliyemsaili, mgeni, akasimama kwenye lango akamwambia: mimi ni mwizi, niambie nisimame. Kwa Kiingereza ni *stop*. Neno jepesi. Lakini Papa Kalenga kwa miezi mingi hakuwahi kusema hilo neno bila Mama Mujinga kumshika bega. Akanyosha mkono kumtafuta S. Mama Mujinga alikuwa Manika anashona sare za shule. Mkono ukakosa mtu, ukamkamata mkubwa bega. Halafu, kwa sababu hakuna S wa kumtuliza, T akatoka na upepo wake wote, na Papa Kalenga akaruka.

Mkubwa alirudi nyuma mpaka kwenye ukuta.

Walimpa kazi palepale. Yule mkubwa alisema, na Papa Kalenga aliirudia habari hiyo kila Krismasi, kwamba kwa miaka yake yote hajawahi kusimamishwa hivyo. Ticha alifurahi, lakini baada ya furaha akaja kwenye katoni yangu.

"Alimusikia, ao alimuogopa?"

"Ticha, alipata kazi."

"Sikuuliza kazi."

Kulikuwa pia na mambo ya mshumaa. Umeme ulikatika jioni nyingi, sale ikawa giza, na Ticha akawasha mshumaa mmoja mezani. Sasa, mshumaa mmoja na watu wenye P za kuruka. Kila neno zuri lilizima taa. Wakawa na kiberiti kimoja, na Ticha hakutaka kupoteza njiti, basi akaamuru: gizani tutasema maneno ya mama mkwe peke yake. Wakakaa wameuzunguka ule moto, vichwa karibu, wanafanya "sss, sss", na mtu akikosea moto unalala, wote wanasema "aaa" kwa huzuni.

Mzee wa kanisa, Papa Ngoie, alipita barabarani akaona. Kesho yake akaja na pasta na Biblia.

"Ticha, hii ni dini gani?"

"Haiko dini, Papa. Ni P."

"P njo nani?"

Ilibidi wote wawili waketi mezani. Ticha akawapa mshumaa. Pasta akasema *pot*, moto ukazimika. Akasema *spot*, moto ukainama tu. Akarudia. Akamwambia Papa Ngoie ajaribu, Papa Ngoie akakataa, halafu akajaribu, moto haukuzimika, akasema mshumaa wa Ticha una hila, aletewe wa altare. Waliondoka wakiwa wamemaliza kiberiti. Jumapili iliyofuata pasta alipohubiri habari za Petro, Paulo na Pilato, watu wa mbele walijifuta uso.

Lakini sale ilibaki ya Ticha.

Halafu kukaja ile wiki ya kitambaa. Kampuni fulani ilitaka kutoa mabati kwa kanisa, na mgeni wao, injinia, mwenye Kiingereza cha kuzaliwa nacho, angekuja Jumapili kuzungumza. Pasta alitangaza kwa furaha kwamba mfasiri tunaye, ni Ticha wetu. Mi nilikuwa nimekaa benchi la nyuma ya Ticha. Nikaona shingo yake inaingia ndani ya koti.

Jumatatu Ticha alitokea amefunga shingoni kitambaa cha kichwa cha Mama Yvonne, kile cha maua mekundu. Alionyesha koo kwa kidole. Sauti imekwenda.

"Imeenda wapi?" nikamwuliza.

Akatingisha kichwa.

"Itarudi siku gani?"

Akaandika kwa kidole hewani: Jumatatu. Mgonjwa anayejua siku ya kupona.

Wiki ile nzima alifundisha bila kutoa neno. Alionyesha kwa mikono, aliruka yeye mwenyewe, alijishika bega mwenyewe, alivuta L nyuma mpaka macho yakatoka. Wanafunzi walisema hawajawahi kuelewa vizuri hivyo. Na Jumapili yule injinia alifika na mfasiri wake mwenyewe kutoka kazini, mabati yakatolewa, na Ticha alikaa mwisho kabisa nyuma ya nguzo. Kila injinia alipofungua mdomo, Ticha aliinamisha sikio, kama mtu anayesikiliza ng'ambo ya ukuta kama wanamtaja.

Jumatatu sauti ikarudi. Mama Yvonne alikuja kuchukua mikate, akaniambia polepole, "Mama Fifi, huyu bwana hana woga ya nyoka. Hana woga ya mwizi. Anaogopa muntu mumoja amwambie *pardon?*, sikukusikia."

Miaka ikaenda. Fifi wangu aliolewa Lubudi, na Plamedi, binti yake, akabaki kwangu kusoma. Alikuwa anakaa chini ya dirisha na mi tangu mdogo, akaingia darasani kwa Ticha alipofika kimo cha meza, na akawa mwanafunzi wake wa mwisho mzuri. Mwaka huu amepata nafasi ya shule ya uuguzi huko Solwezi, Zambia. Kule wanafundisha kwa Kiingereza, wagonjwa wanaandikwa kwa Kiingereza, mtu akikosea neno amekosea dawa.

Aliniuliza jikoni, "Kaku, kule batanisikia?"

Nikamwambia kwa nini wasikusikie. Lakini usingizi wangu ulikuwa mwepesi, na wa Ticha, Mama Yvonne alisema, haukuwepo kabisa. Amezeeka sasa, sale amewaachia vijana wenye spika na projekta, anafundisha wawili watatu barazani kwake. Alimwita Plamedi kila siku. Alimrudisha kwenye P, alimrudisha kwenye L. Akimaliza alimwangalia mpaka mtoto akaona haya.

Mi nami siendi tena dirishani. Ninauza mbele ya lango langu, upande wa barabara ya malori yanayokwenda Zambia. Ndiyo sababu yule dereva alinifikia mimi.

Lori lake lilikatika bomba la maji la injini palepale karibu na lango. Alikuwa Mzambia, anaitwa Mwansa, mtu wa miaka ya katikati, mpole, shati limejaa mafuta. Kibemba ninajua kutoka kwa mama mkwe wangu, alinifundisha kwa kunigombeza, basi tukaongea. Aliagiza bomba lingine, anangojea fundi. Akanunua mikate, akaniomba niipake sukari. Halafu simu yake ikalia, akaanza kusema Kiingereza. Alisema haraka, akanyanyua sauti, akahesabu kwa vidole, akakata.

"Ba Mwansa, ni mkubwa wako wa kazi?" nikamwuliza kwa Kibemba.

"Hapana, mayo. Ni binti yangu. Hakufanya kazi za shule."

"Unamgombeza kwa Kiingereza?"

"Ndivyo tunavyokaa nyumbani. Hata mi mama yangu alinigombeza hivyohivyo, Kiingereza na Kibemba, kimoja mkono huu, kingine mkono huu."

Mtu anayegombezwa na mama yake kwa lugha, na yeye anagombeza mtoto, huyo ni mwenye lugha. Nikamwita Plamedi.

"Enda uniletee Ticha."

"Nimwambie nini?"

"Sema mikate ya moto. Usiseme ingine."

Akaja, koti limefunguka. Aliona lori. Aliona namba zake za Zambia. Akasema, "Mama Fifi, nimesahau kitu ku nyumba," akageuka. Nikamshika mkia wa koti. Mi ni mzee na yeye ni mzee, tulivutana pale kama watu wanaogombania kitambaa sokoni, na Mwansa anatuangalia na mkate mdomoni.

"Niachilie, Mama Fifi."

"Sikuachilii."

"Koo yangu..."

"Koo yako iko muzima."

Plamedi akaja mbele yake. Hakunyanyua sauti.

"Ticha, mi nitaenda kuongea nabo kila siku. We unaogopa mara moja?"

Ticha aliacha kuvuta. Halafu akafunga vifungo vya koti, kimoja kimoja, mpaka cha juu.

Akaenda mbele ya Mwansa. Alichosema Plamedi alinifasiria baadaye: alimwamkia, akamwomba tafadhali amwambie ni kipande gani cha lori kimeharibika. Kumbe kwa Kiingereza tafadhali ina P mbele, na kipande kina P mbele, na Ticha alikuwa ameziweka ndani miaka yote hiyo. Zikatoka. Sukari ya mkate wa Mwansa iliruka ikamkaa kwenye ndevu.

Mwansa akapangusa shavu. Akajibu. Alijibu maneno mengi, kwa upole, akionyesha lori. Na mi nikaona uso wa Ticha unafunga kama duka. Hakusikia kitu. Akaomba arudie. Mwansa akarudia, polepole. Ticha akawa ameinamisha sikio, mkono kwenye goti, halafu taratibu nikaona macho yanaanza kufunguka, bomba, ni bomba, bomba la maji.

Ndipo Mwansa akanigeukia mi, akasema kwa Kibemba:

"Mayo, huyu bashikulu, huyu babu, nimemsikia yote, neno kwa neno. Lakini kwa nini ananipuliza?"

Ticha hakuwa anajua Kibemba zaidi ya salamu na maneno mawili matatu. Alisimama ananiangalia kama mtu aliyeletwa mbele ya daktari.

"Anasema nini?"

"Anasema alikusikia."

"Kiloko?"

"Yote. Neno na neno."

"Yote?"

"Yote, Ticha. Anauliza tu juu ya nini unamupuliza."

Alikaa chini. Si kwenye katoni, kwenye vumbi, na koti lake lote. Nikafikiri amezirai. Mabega yakawa yanatingishika, na Plamedi akapiga magoti karibu naye, kumbe mzee anacheka. Alicheka mpaka akakohoa. Mwansa, maskini, akaniuliza kama amesema kitu kibaya.

Halafu cheko likakatika, na mwalimu akaamka ndani yake. Akasimama akajipangusa.

"Mwambie P yake inalala."

"Mwambie mwenyewe. Si anakusikia?"

Akamwambia. Hapo ndipo vita vilianza, na mi sikufasiriwa yote, Plamedi alikuwa anacheka sana. Ticha alimwambia mwenye lugha kwamba anaisema vibaya. Mwansa akamwambia, bashikulu, mi ninaisema tangu nimeanza kunyonya, na Lusaka mpaka Solwezi hakuna aliyenilalamikia. Ticha akasema mwanzoni mwa neno lazima upepo. Mwansa akasema kwao wangepulizana hivyo mtaa mzima ungekuwa na mafua. Ticha akamwambia aseme sufuria. Mwansa akasema. Ticha akaweka kiganja mbele ya mdomo wake, akangoja. Akamwambia arudie. Akageuza mkono, akaweka upande wa juu, pale ngozi inapohisi zaidi. Hakuna upepo.

"Tena," akasema, lakini sasa aliomba.

Mwansa akasema tena, na tena, kwa subira, kama unavyomrudishia mtoto jina la ndege. Ticha aliondoa mkono akautazama.

"Kiingereza yake ilikomaa na Kibemba," akaniambia polepole. "Kibemba haipulizi. Mama Fifi, na mi sikuwaza."

Sikuona aibu usoni mwake. Niliona ile furaha ya Jumapili asubuhi, alipokuja bila kunywa chai.

Wakakaa. Fundi alifika, akaingia chini ya lori, na wao wakakaa palepale kivulini mwa gurudumu, wanasema maneno. Plamedi aliwekwa katikati.

"Puliza," Ticha alimwambia.

"Usipulize," alisema Mwansa.

"Kule Solwezi batamusikia?" Ticha akamwuliza Mwansa, na hilo hata mi nililielewa bila mfasiri, kwa namna alivyogeuza shingo kuelekea mtoto.

Mwansa akamwomba Plamedi aseme kitu. Plamedi akasema kama anampokea mgonjwa: karibu, kaa, unaumwa wapi. Mwansa akanyosha mkono akamwonyesha kidole kilichokatwa na bomba, kweli kilikuwa na damu, hakuna aliyekiona. Plamedi akakishika, akauliza ingine, akajibiwa, akaingia ndani kuleta maji na kitambaa. Wakaongea mpaka kidole kikafungwa.

"Atasikiwa," Mwansa akaniambia kwa Kibemba. "Apunguze upepo tu."

"Basi nitapuliza nusu," Plamedi akasema.

Lori likawaka. Mwansa akaagana nasi, akapanda. Likaanza kwenda, halafu akatoa kichwa dirishani akapaza sauti, maneno mafupi, na moshi umejaa barabara. Ticha akanyosha mkono akajibu, na yule akacheka akapiga honi.

Ticha alibaki katikati ya barabara. Nikamwambia atoke, atagongwa.

"Mama Fifi."

"Eh."

"Haku­sema juu ya luga. Anasema nisalimie muke wangu."

"Ni muzuri."

"Amenituma," akasema. "Kwa Kiingereza. Mi nikasikia mara moja, sikuuliza tena."

"Basi enda. Mama Yvonne eko ku nyumba. Usisimame hapa na salamu ya batu, itapoa."

Akaenda. Hakumwamkia Papa Ngoie aliyekuwa amekaa mlangoni kwake, hakuangalia taksi-moto zilizompigia honi. Alikwenda kwa haraka, koti limefungwa mpaka juu, midomo inatembea, asije akaiangusha njiani.